Nani Kamtaja Daktari: Miaka Yangu Saba ya Penseli

Kwa miaka saba nilimhesabia Daktari Leokadia kila mahali alipotajwa katika majarida ya sayansi ya dunia nzima, na kwa miaka yote hiyo saba sikugundua kwamba mtu aliyekuwa akimtaja Daktari Leokadia kuliko wote ni Daktari Leokadia mwenyewe. Kila nilipoliona jina lake nilipiga mstari mmoja wa penseli kwenye kaunta buku, nikafurahi. Nilimwambia hata mke wangu: “Mama Desi, huko majuu kuna mtu anampenda sana huyu mama. Kila mwaka anamtaja mara tano, sita, hachoki.” Mtu huyo wa majuu alikuwa amekaa chumba cha pili kutoka changu, amevaa sweta, anakunywa chai.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu ninyi vijana wa kituo mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani, na najua mkinikuta njiani mtaniuliza hiyo kwanza. Siku ile mliyoniaga, mmoja wenu alibonyeza kitufe, kompyuta ikatema orodha ya makala zote za kitengo chetu na mara ngapi kila moja imetajwa. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa. Idadi kama ile kwetu ilikuwa kazi ya miaka, penseli nisizozijua idadi, na safari moja ambayo nikiikumbuka bado nashika ukuta. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ndio huohuo wenu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Malangali, hapa Sumbawanga, nimeoa Malangali, na kabla ya mambo nitakayoyaeleza, mbali nilikowahi kufika ni Laela, nako nilikwenda kwenye msiba nikarudi siku ileile. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu aliyakunja akayaficha nyuma ya picha ya Bikira Maria, ili angalau yapate kuombewa. Niliposikia kituo cha utafiti wa mbegu kinataka vibarua wa kulima, nilikwenda kwa sababu moja tu: kutoka nyumbani kwangu mpaka pale ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja.

Tulipanga mstari, wanaume kumi na kitu, kila mtu na jembe lake. Mama mmoja mfupi mwenye miwani akatoka na karatasi, akapita kwa kila mmoja. “Andika hapa: maharage ya njano ya Kate.” Wenzangu walicheka, wakaandika wanavyojua. Mimi nikaandika pole pole, kwa mwandiko wa sista aliyetufundisha darasa la tatu na fimbo yake. Yule mama akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

“Jembe lako mpe mwenzako,” akasema. “Wewe njoo ndani.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa kitengo cha vinasaba. Sikujua vinasaba ni nini. Mama yangu naye aliposikia nafanya kazi kwa daktari, alikuja siku ya tatu na goti lake. Daktari Leokadia hakumfukuza. Alimkalisha, akamweleza kwamba yeye ni daktari wa maharage, kwamba ndani ya kila jani kuna maandishi madogo yanayosema ukoo wa mmea ni upi, na kazi yake ni kuyasoma. Mama akasikiliza mpaka mwisho. “Sasa hayo maharage,” akauliza, “yanaumwa?”

Nilifundishwa kazi na watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Kasiano, msaidizi wa shambani, mtu aliyejua kila tuta la kituo kama anavyojua meno yake, ambayo yalikuwa machache zaidi. Siku ya kwanza aliniona natoka na kalamu ya wino, akaipokonya.

“Shikamoo, mzee. Kuna nini?”

“Marahaba. Hii ni ya kuandikia barua za mapenzi. Shambani ni penseli.”

“Kwa nini, mzee?”

Aliandika jina langu kwenye kijikaratasi mara mbili, moja kwa wino na moja kwa penseli, akakiweka kwenye majani ya maharage yenye umande wa asubuhi. Mnaujua umande wa Ufipa. Baada ya muda wa kuvuta sigara moja, jina la wino lilikuwa doa la bluu. La penseli lilikuwa bado linanitazama. Tangu siku hiyo sijaandika kitu cha maana kwa wino, hata cheti cha ndoa nilitaka nisaini kwa penseli, paroko akakataa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikwenda, yaani wao walikwenda na mimi nikabaki kupanga bahasha, vijiji vya Nkasi, kama Kate, na huku kwetu, wakichukua mbegu za maharage ambazo watu walirithi kwa bibi zao. Mbegu tulizipanda kituoni kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ya majani yaliyofukiwa ambayo babu zetu walikuwa wakiyalima kabla hatujaambiwa na mtu yeyote kuhusu mbolea. Mmea ukitoa majani ya tatu, tunatoboa vijiduara kwenye jani kwa panchi ileile ya kutobolea mafaili, tunavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki pamoja na vichembe vya bluu vinavyonyonya unyevu. Vichembe vikigeuka pinki, vimeshiba, unavirudisha jikoni vikaangwe taratibu kwenye sufuria mpaka virudi bluu. Mke wangu alivikaanga vingi kuliko karanga. Bahasha zinafungwa, zinapanda basi hadi Mbeya, kutoka hapo zinakwenda maabara za mbali. Miezi inapita. Majibu yakirudi yamekuwa picha ya mistari myeusi na myeupe, kama kitenge kilichochakaa, na Daktari anaishika dirishani anachekelea peke yake.

Kisha anaandika makala, mimi nachapa. Nilichapa kwa vidole viwili, karatasi tatu na kaboni kati yake, Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa na nusu nyingine nilikuwa nakibahatisha. Makala ya kwanza ilirudishwa na wahariri ikiwa imejaa maswali. Ya pili ilirudishwa haraka zaidi. Ya tatu, ile ya maharage ya Kate, ikakubaliwa, na siku jarida lilipofika posta Daktari alirudi akikimbia, mama mzima mwenye shahada tatu, kandambili moja mkononi. Tulichinja jogoo. Mzee Kasiano aliomba ashike jarida, akalinusa, akasema lina harufu ya hela za watu wengine.

Hapo ndipo mwalimu wangu wa pili, Daktari mwenyewe, aliponifundisha hili la kutajwa.

“Baba Desi,” akaniambia, “kuandika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kama kuna mtu anayekusoma. Mtafiti mwingine akiitumia kazi yako, lazima akutaje kwenye orodha ya marejeo. Asipokutaja mtu, ni sawa na uliongea peke yako chooni.”

“Sasa tutajuaje kama wametutaja?”

“Wewe ndiye utakayejua. Majarida yakifika, yapitie. Na usihangaike kusoma yote. Makala inasomwa kuanzia nyuma. Fungua nyuma, tazama marejeo, ukiniona piga mstari.”

Fungua nyuma. Ninyi mnaocheka tayari mmeshaelewa. Mimi ni mtu nikifundishwa kitu nakifanya kama nilivyofundishwa. Kila jarida lililofika nilifungua nyuma, nikamwona, nikapiga mstari, nikafunga. Mbele, kwenye jina la mwandishi, sikuwahi kutazama hata siku moja. Na majarida yaliyokuwa yakitufikia zaidi ni yapi? Yale aliyoandikia yeye, maana mwandishi hutumiwa nakala zake. Tena makala hizo nilikuwa nimezichapa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi viwili, pamoja na hayo marejeo. Lakini kuchapa ni kazi ya Jumanne na kuhesabu ni kazi ya Ijumaa, na kichwa changu hakikuwa kimeunganishwa siku hizo mbili.

Halafu kulikuwa na kadi. Siku zile mtafiti wa nchi nyingine akitaka makala yako alituma kadi ndogo ya posta: Mpendwa Daktari, naomba nakala ya makala yako. Zilikuja kutoka kila upande wa dunia, na stempu za ndege, za wafalme, za treni. Mimi ambaye Tunduma niliiona kwenye ramani tu, nilikuwa na barafu ya Ulaya kwenye stempu, ndani ya kopo la Kimbo nililowekea kadi hizo. Nikaona: huyu naye si kamtaja? Jina si liko hapo? Mstari.

Jirani yangu, Mama Masanja, alikuwa akinitania kila siku. Walihamia Malangali na mumewe na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na maziwa ya watoto wangu wote yametoka kwake. Ni mwanamke asiyezunguka neno.

“Baba Desi, leo umelima nini huko?”

“Silimi, Mama Masanja. Nahesabu.”

“Unahesabu nini?”

“Watu waliomtaja Daktari.”

Alinitazama kwa huruma, akaniongezea maziwa kwenye chupa.

Nisidanganye lakini, si karatasi tu. Chumba cha nyuma tulikuwa na makopo, mia mbili na zaidi, kila moja na mbegu za shamba la mtu, jina lake kwa penseli. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, na bibi mmoja wa Kate akaja kituoni. Alikuwa amepata lifti ya gari la mahindi, na vumbi lote la njiani lilikuwa juu yake.

“Nilimpa yule mama mwenye miwani kiganja cha mbegu,” akasema. “Yangu yamekufa yote. Nimekuja kuchukua changu.”

Daktari hakumuuliza fomu wala barua ya mtendaji. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akafungua kopo lenye jina la bibi, akamjazia kiganja, kisha akamwongezea. Bibi alizitazama moja moja kama anayetambua wajukuu. “Ndiyo haya,” akasema. “Ndiyo haya yenyewe.” Akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Mzee Kasiano alisema huyo ndiye msomaji wa kwanza wa makala yetu. Nilitaka kumpigia mstari. Daktari akanikataza.

Sasa tufike kwenye miaka yenyewe, ya katikati ya tisini. Mnasimuliwa na wazazi wenu: ruksa imeingia, maduka ya mtaa wa Chanji yamejaa mitumba na redio za rangi zote, mabasi ya watu binafsi yanapigana honi, kila mtu anauza kitu. Kila kitu kiliruhusiwa, isipokuwa kuajiriwa. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na ikaja barua yenye mhuri: kila kitengo cha utafiti kioneshe orodha ya machapisho yake, na kazi zake zimetajwa mara ngapi na watafiti wengine duniani. Kamati itapita. Kitengo kitakachoonekana hakina faida kitafungwa, mali zake zihamishiwe Mbeya, na wafanyakazi wahamishwe au wapunguzwe.

Daktari aliisoma barua akiwa amesimama, akaniangalia.

“Makopo yakienda Mbeya,” akasema, “yule bibi wa Kate ataomba lifti mpaka wapi?”

Mimi, naomba mnisamehe, nilikuwa nawaza neno moja tu: wahamishwe. Nilijiona na godoro langu juu ya lori, Mama Desi kwa dereva, Malangali inabaki nyuma. Kupunguzwa ningevumilia, ningelima. Lakini kuhamishwa!

Basi nikaichukua kaunta buku kwa mbwembwe zote, nikahesabu mistari: mia moja kumi na nne. Nilirudia mara mbili kwa raha tu. Daktari alikuwa na homa wiki hiyo. Alisaini barua kitandani bila kuiangalia vizuri, ikaenda. Nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama gari.

Alipopona akaja ofisini, akafungua faili, akaiona ile namba.

“Baba Desi. Mia moja kumi na nne?”

“Ndiyo, Daktari! Hongera!”

“Hii umeipataje?”

Nikamletea kaunta buku na majarida, kifua mbele. Akachukua moja, akafungua mbele. Akachukua la pili. Akaenda la tatu, la nne. Kisha akaweka kidole kwenye jina la mwandishi, akanigeuzia.

“Huyu ni nani?”

“Ni wewe, Daktari.”

“Na hapa nyuma, aliyetajwa?”

Nikatazama. Nikatazama tena. Nilihisi masikio yangu yanakuwa makubwa.

“Ni... ni wewe pia.”

Akacheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai, Mzee Kasiano akaja mlangoni na jembe akidhani kuna nyoka. Nikamwonesha kopo la kadi, nikijua bora nimalize aibu zote siku moja, akacheka upya, akashika meza. “Huyu anaomba nakala, Baba Desi! Hajasoma bado! Atanitajaje hajanisoma?” Kisha akaokota miwani, akaifuta taratibu.

“Kamati inakuja baada ya wiki mbili,” akasema. “Na namba ya uongo wanayo mkononi, ina saini yangu.”

Mzee Kasiano alishauri tunyamaze. Wengine huko, alisema, wamepeleka namba za mviringo tu, nani atakwenda kuhesabu? Daktari akatikisa kichwa. “Nimeishi kwa kuwaambia watu mbegu hii ni hii na ile ni ile. Siwezi kukaa mbele ya kamati na mistari ya kujisifu mwenyewe. Tutaandika barua nyingine. Futa.”

Nikafuta. Siku nzima nilishinda na ufutio. Nilifuta mistari ya Daktari kwa Daktari, nikafuta kadi, nikafuta jarida moja lililofika mara mbili nikalihesabu mara mbili. Nikakata kila mmoja kwa sababu yake, nikaandika pembeni kwa penseli: kajitaja, kaomba nakala tu, huyu ni yuleyule. Iliyobaki ilikuwa ishirini na tatu, na kando ya kila mmoja nikaandika aliyemtaja amesema nini.

“Lakini haya ni majarida yanayofika Sumbawanga tu,” akasema Daktari. “Yale yasiyofika hatuyajui. Maktaba ya chuo, Morogoro, wana vitabu vinene vinavyoonesha nani kamtaja nani. Mtu aende.”

Nikasema kweli kabisa, mtu aende.

“Mimi majani ya tatu yanatoka wiki hii, siwezi kuondoka. Mzee Kasiano hasomi Kiingereza.”

Tukatazamana. Polepole nikaelewa ni mtu gani.

Safari yenyewe sitaisimulia. Mama Desi alinifungia ugali wa siku tatu na nguo za mwaka, na Mama Masanja alikuja stendi kuniaga akilia, kisha akasema alikuwa anacheka. Nitasema tu kwamba mpaka Tunduma barabara ilikuwa vumbi na mimi nilikuwa vumbi, kwamba Mbeya nililala nimekaa juu ya kaunta buku ili isiibiwe, na kwamba Morogoro nilivua sweta kwa mara ya kwanza hadharani tangu ubatizo.

Maktaba ilikuwa kubwa kuliko parokia yetu. Mkutubi, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinipa vile vitabu, herufi zake ndogo kama mayai ya chawa, akanipa na lensi. Nikamweleza nilichokuja kufanya na kwa nini. Hakucheka, nikampenda hapo hapo.

“Wengi wakija hapa wanatafuta namba iongezeke,” akaninong'oneza. “Wewe umekuja kuipunguza?”

“Nimeshaipunguza, mama. Sasa natafuta kilicho chake.”

Siku tatu nilikaa pale. Nilifungua mbele, nikafungua nyuma, nikafungua katikati kwa usalama. Kila nilipompata aliyemtaja na si yeye mwenyewe, niliandika jina la aliyemtaja, jarida, ukurasa, na kwa maneno yangu amesema nini. Siku ya kwanza watatu. Siku ya pili sikumpata mtu. Nilikaa nje kwenye ngazi nikala ugali wangu wa kijivu, nikaona Malangali inaniponyoka. Siku ya tatu watano, wawili wao kutoka nchi ambayo stempu yake nilikuwa nayo nyumbani. Nilipiga kelele ndogo. Mkutubi akaweka kidole mdomoni, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumla: thelathini na moja.

Kamati ilikuwa watu watatu wenye makoti, na bado walikuwa wanatetemeka. Baridi yetu haina heshima kwa wageni. Mwenyekiti, mzee mwenye mvi, aliweka barua zetu mbili sambamba mezani.

“Ya kwanza mia moja kumi na nne,” akasema. “Ya pili thelathini na moja. Hawa wengine wameliwa na nani?”

Daktari alifungua mdomo. Nikamtangulia, sijui nilipata wapi mdomo.

“Na mimi, mzee. Mimi ndiye karani.” Nikamweleza yote: fungua nyuma, kadi, kopo la Kimbo. Mmoja wa wale wawili alijifanya anapenga kamasi muda mrefu kidogo.

Mwenyekiti hakucheka. Akavuta kaunta buku, akapitisha kidole kwenye mistari iliyofutwa na maelezo pembeni, akakirudisha kidole juu, akakichomeka popote.

“Huyu wa kumi na saba. Kamtaja akisema nini?”

Nikafungua. “Anasema Daktari amekosea, mzee. Kwamba maharage mawili aliyosema ni ukoo mmoja ni koo mbili.”

“Na huyo umemhesabu?”

“Kamtaja, mzee.”

Mwenyekiti akamgeukia Daktari. “Na wewe umekubali ahesabiwe?”

“Huyo ndiye aliyenisoma vizuri kuliko wote,” akajibu Daktari. “Na alikuwa na haki. Makopo yale mawili tumeyatenganisha. Njoo uyaone.”

Wakaenda chumba cha nyuma. Mwenyekiti alisimama mbele ya rafu kitambo, akisoma majina ya watu kwa penseli, akauliza mbona si wino. Mzee Kasiano, aliyekuwa amesubiri swali hilo maisha yake yote, akamtoa nje kwenye umande.

Waliondoka bila kutuambia kitu. Miezi miwili tulifanya kazi kimya. Mama Desi alianza kufunga sahani kwenye magazeti, eti anazipangusa tu. Daktari alitoboa majani mengi kuliko bajeti ya bahasha, nami nikaandika lebo zake zote, kila mmoja wetu akijifanya hasikilizi pikipiki ya posta.

Barua ilikuja asubuhi ya Alhamisi. Daktari aliisoma kwa sauti, sisi watatu tumesimama mlangoni. Kitengo cha vinasaba cha Sumbawanga kitabaki mahali kilipo, pamoja na mbegu zake. Kati ya namba zote zilizoletwa, za kwetu ndizo pekee ambazo kamati iliweza kuzihakiki mstari kwa mstari. Mzee Kasiano alirusha kofia yake, haikurudi, iko juu ya bati mpaka leo kama upepo haujaichukua. Daktari alinikumbatia, kisha akaendelea kusoma, maana kulikuwa na aya ya pili: karani wa kitengo hicho azungukie vituo vingine vyote nchini, awafundishe kuhesabu.

Nilikwenda. Nilirudi. Sitaki kuyazungumza.

Lakini asubuhi ile sikuijali hata aya ya pili. Nilikimbia mpaka nyumbani kumwambia Mama Desi afungue sahani, na kabla sijaufikia mlango nikamkuta Mama Masanja anakamua upande wake wa ua. Nikampigia kelele kwamba tumebaki, hatuhami, makopo yote yanabaki, na ni kwa sababu Daktari wetu ametajwa kihalali, duniani, mara thelathini na moja katika miaka saba.

Hakuacha kukamua. Alinitazama juu ya mgongo wa ng'ombe, akasema:

“Thelathini na moja? Miaka saba, dunia nzima? Baba Desi, dume langu likiingia shamba la watu alfajiri, mpaka saa nne limeshatajwa kumshinda huyo Daktari wako, na lenyewe halijaandika hata barua.”